Kumi na Mmoja wa Bi Ardith

Gavana Lindahl alijitoa kwenye mbio za urais saa sita mchana, siku ileile ambayo jioni yake watu wa Iowa walikuwa wakutane kuchagua mgombea wa chama. Aliwashukuru wafuasi wake, akadondosha machozi mawili yaliyopimwa vizuri, akapanda ndege kurudi kwao kwenye jua. Hakukumbuka kumpigia simu Bi Ardith Roelofs, aliyemgongea milango mia nne kwenye theluji. Lakini gavana ni mtu wa shughuli nyingi, tumsamehe.

Ardith hakumlilia. Kilichomuuma ni kiti cha mjumbe. Mjini kwao hakuna cha karatasi wala sanduku: watu huingia ukumbi wa michezo wa shule, kila mtu akasimama kwenye pembe ya mgombea wake, wakahesabiwa kama ng'ombe mnadani. Pembe ikifika watu kumi na wawili, inatuma mjumbe kwenye mkutano wa wilaya. Miaka ishirini na minane mjumbe ni Ardith, mjane, mpishi mstaafu wa shule hiyohiyo. Siku hiyo moja kila miaka minne hubandikwa utepe kifuani na kuombwa maoni. Siku nyingine zote huombwa mapishi.

Kwenye televisheni, mtaalamu mwenye mishale ya rangi alikuwa ameshawagawa yatima wa gavana. "Asilimia sabini wataenda kwa Seneta Quill."

Kabla mshale haujafika, Verlyn Haugen, muuza mbegu za mahindi na kiongozi wa pembe ya Quill, alikuwa uani kwa Ardith anazoa theluji kwa koleo, bila kuombwa.

"Bi Ardith, una watu wangapi?"

"Kumi na mmoja. Mimi wa kumi na mbili."

"Niletee wote, kiti ni chako."

"Watakuja tu. Nimewalisha maharage tangu wana kamasi. Na wewe ulikuwa nazo, mwanangu."

Jioni baridi ilikuwa hivi: mtu akikohoa mlangoni, kikohozi kinaganda, kinaanguka sakafuni ting! Anayebisha akaulize mfagiaji.

Ardith akaingia na kumi na mmoja wake nyuma kama bata na vifaranga. Hatua tano tu, msafara ukayeyuka. Mzee Orville Tjaden alikwenda pembe yenye bomba la joto.

"Orville! Huyo mgombea ulimwita mwizi jana!"

"Jana nyonga ilikuwa haiumi, dada."

Wawili wakafuata harufu ya keki za limau. Mmoja akatafuta pembe ambayo mtalaka wake hayumo, akazunguka ukumbi mara mbili, akaenda zake nyumbani. Waliobaki wakafuata shemeji, jirani, na kiti chenye mgongo. Kwa Seneta Quill hakwenda hata mmoja. Asilimia sabini nzima ilipotelea njiani.

Ardith akamfikia Verlyn peke yake.

"Wako wapi watu?"

"Nimekuja mimi."

"Tulipatana kumi na mmoja, Bi Ardith. Mtu mmoja hana kiti." Akamgeuzia mgongo, mgongo mpana uliojengwa kwa maharage ya shule.

Ardith akarudi katikati ya ukumbi, mkoba tumboni, akasimama kama mti uliosahauliwa na shoka. Mwenyekiti akahesabu kwa sauti. Pembe ya Quill: kumi na mmoja. Robo saa ya kujaza pengo, vinginevyo pembe inavunjwa.

Watu wa pembe nyingine wakaanza kuwapungia mikono watu wa Verlyn. Na yeye akageuka, uso umekuwa mtamu ghafla.

"Mama yangu! Njoo basi, joto liko huku!"

"Mimi? Si nilisikia mtu mmoja hana kiti?"

"Ulimi uliteleza tu, mama."

"Sema kwa sauti, mwenyekiti aandike."

Dakika mbili zikiwa zimebaki, Verlyn akasema, na ukumbi mzima ukasikia: mjumbe ni Ardith Roelofs. Ndipo Ardith akavuka, polepole, kama bibi harusi asiye na haraka.

Asubuhi, akinyoosha koti lake la mkutano kwa pasi, alimsikia mtaalamu akieleza kwamba wafuasi wa gavana walihama kwa sababu ya sera ya afya.

"Kweli kabisa," alisema Ardith. "Afya ya nyonga ya Orville."