Usingizi wa Mahameli

Masomo yetu ya ushonaji kwa mtandao yaliandikwa kwa Kiingereza, na simu yangu ikajipa kazi ya kuyatafsiri. Sikuiomba. Mwanzoni nilifurahi, kwa sababu nimekulia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania na Kiswahili ndicho nilichosomea. Furaha hiyo haikufika mbali.

"Acha posho ya sentimita moja na nusu," somo liliniambia. Posho ya nani? Nilikaa chumbani kwangu Musinzira, hapa Gitega, nikitazama picha mpaka nikaelewa kuwa ni ile nafasi inayoachwa kando ya mshono. Ukurasa uliofuata ulinitaka nikate kitambaa "kwa upendeleo". Kumbe walimaanisha mshazari.

Mwenzangu katika mafunzo alikuwa fundi wa Muyinga, binti wa familia ya Kiislamu inayoishi kwa kushona kanzu. Tulijuana siku ya kujiandikisha. Siku moja alinipigia simu.

"Dada, wanasema niteremushe mguu ya waandishi wa habari. Hiyo mguu iko wapi kwa mashini?"

"Ni ule unaobana kitambaa chini ya sindano."

"Sasa waandishi wa habari wametoka wapi?"

"Iulize simu yako."

"Mi nimechoka, wallahi."

Tulicheka. Halafu mama mmoja wa Bukirasazi akaniletea mahameli ya zambarau, nimshonee gauni la kuvaa siku ya mahari ya binti yake. Sikuwa nimewahi kushona mahameli, kwa hiyo nikakimbilia somo lake. Liliandika: "Mahameli ina usingizi. Heshimu usingizi kabla ya kukata." Mtandao ulikuwa dhaifu, picha zikagoma kufunguka. Nikawaza labda kitambaa hiki hutulizwa kwanza, kama unga wa maandazi. Nikakitandaza mezani, nikakiacha mpaka kesho yake. Kisha nikakata, mkono mmoja ukielekea juu na mwingine chini, ili kitambaa kitoshe.

Mama alipokuja kulijaribu gauni, alisimama mlangoni penye mwanga. Mkono wa kushoto ulikuwa zambarau iliyokolea. Wa kulia ulikuwa umepauka.

"Mwanangu, umeunga kitambaa kingine?"

"Hapana, mama. Ni hichohicho."

"Mbona rangi ni mbili?"

Alilivua taratibu, akalilaza mezani, akaniuliza kama litakuwa tayari kabla ya sherehe. Nikasema ndiyo, bila kujua nitafanyaje.

Alipoondoka nikampigia mwenzangu. Kwake picha zilifunguka.

"Pitisha kiganja juu ya kitambaa," alisema. "Unasikia manyoya yake inalala upande moja? Vipande vyote vinafuata ule upande. Njo hiyo usingizi yao."

Nusura niitupe simu ukutani. Manyoya! Neno hilo hata mtoto analijua, na simu nzima ya kisasa imeshindwa kulipata.

Zambarau ile haikupatikana sokoni Gitega. Nilipanda basi hadi Muyinga na gauni kwenye mfuko, na kwenye duka la familia ya mwenzangu tukachagua lesi inayoendana nalo. Tulifumua mikono yote miwili, tukashona ya lesi, huku yeye akiilaani simu kwa Kirundi na mimi nikiilaani kwa Kiswahili. Ndipo akanionyesha pa kuzima tafsiri, na kwenye Kiingereza tukakuta neno "nap", ambalo ni usingizi na pia ni manyoya ya kitambaa.

Mama alilivaa siku ya mahari. Alisema limependeza, ila hajaniletea kitambaa kingine tangu hapo.

Sasa nasoma kwa Kiingereza, kamusi pembeni, ukurasa mmoja jioni nzima. Niliwaandikia walimu kuwaeleza yaliyotupata. Walijibu kwa adabu kwamba wamekagua somo la mahameli na hawakuona kosa lolote. Na kweli, kwenye ukurasa wao wa Kiingereza halikuwepo.