Maziwa ya Mama Mkwe

Ninauza mapazia Kariakoo, mtaa ambao spika za matangazo hazipumziki, na bado wateja walikuwa wakigeuka kusikiliza tumbo langu likinguruma. Kila mmoja alinipa jibu lilelile: hivyo ni vidonda vya tumbo, kunywa maziwa.

Mama mkwe alipata habari kwa simu, akashuka kutoka Kilimanjaro kuja kuniuguza. Alikuwa amefiwa na mumewe, nyumba imebaki na yeye na redio. Alipofika kwetu Magomeni alifunga kitenge kiunoni akashika jiko. Kila asubuhi alinichemshia kikombe kikubwa cha maziwa, utando juu, akasimama pembeni hadi nimalize. Nani anamkatalia mkwe kikombe? Na nani anamweleza mkwe habari za choo? Nilikunywa, nikashukuru, nikaenda dukani kuteseka. Alipoona ninakonda, akaongeza kikombe cha jioni.

Nikaanza kuamini kwamba nakufa. Kuna pazia moja jeupe pale dukani nilifika mahali nikawa naliangalia kwa jicho la sanda.

Hatimaye nilikwenda zahanati. Daktari akanipima vidonda, hakuona hata kimoja. Akaniuliza asubuhi nakunywa nini. Nilipomjibu, aliweka kalamu chini akacheka. Akanieleza kwamba utumbo wa watu wazima wengi hupoteza uwezo wa kusaga sukari iliyomo kwenye maziwa, hata kama utotoni waliyanywa bila shida.

"Acha maziwa wiki mbili," alisema. "Ukitulia, kunywa kikombe kimoja, tuone."

Nyumbani nilisema tu kwamba daktari amesimamisha maziwa kwa ajili ya kipimo. Tumbo likanyamaza. Nilikula, nikalala, nikauza mapazia huku naimba.

Siku ya kikombe tulikaa sebuleni, mimi, mke wangu na mama mkwe, tukilisubiri tumbo kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Mama mkwe alikuwa anasali chinichini. Likaanza taratibu, likapanda, likanguruma hadi mke wangu akashika mdomo. Niliruka nikacheza katikati ya sebule. Si kansa, si vidonda, sifi, ni maziwa tu. Mke wangu alicheka hadi akakaa sakafuni, na mimi nikakimbilia chooni nikicheka peke yangu kama kichaa.

Niliporudi, mama mkwe alikuwa amekishika kile kikombe kitupu. Hakuwa anacheka.

"Kumbe nilikuwa nakuumiza, mwanangu."

"Hukujua, mama. Hata mimi sikujua."

"Haya. Nilikuja kuuguza, na mgonjwa amepona. Kesho nitafutieni basi nirudi nyumbani."

Kicheko kikanikauka. Niliifikiria ile nyumba na ile redio. Nikagundua kwamba sitaki aondoke, na kwamba nimemzoea kuliko nilivyotegemea kumzoea mkwe.

"Mama," nikasema, "tumbo limepona, sawa. Lakini kuna huu mgongo. Umeniuma siku nyingi, nilikuwa naona aibu kusema."

Alikiweka kikombe chini, akanitazama. Mgongo wangu haujawahi kuniuma, na dakika chache kabla alikuwa ameniona nikiruka.

"Mgongo dawa yake supu ya makongoro," alisema, akiinuka kwenda jikoni kutafuta sufuria kubwa. "Na huwa hauponi haraka."