Siku niliyoshangilia kwamba maji yamepungua duarani

Wakuu wa humu, marahaba kwa wote mtakaoniamkia. Haya yalinipata mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Tulikuwa wanne. Mume wangu, Baba Kulwa. Shija wa Ushirombo, mtoto wa shangazi yake, mshika winchi ya kuteremshia kamba shimoni. Luhende, aliyeacha ualimu akaja kutafuta dhahabu, huyo hatuna undugu naye. Na mimi mpishi wao. Shule niliishia la pili.

Ni Geita, miaka ya tisini.

Duara letu, yaani shimo la kuchimbia, Luhende alilipiga namba za chokaa kwenye magogo ya ukutani, kila mita. Mdomoni sifuri. Ukishuka, hasi moja, hasi mbili, hadi chini kabisa.

Tulimcheka sana. Hasi ya nini, kwani kuna anayechimba kwenda juu?

Siku hiyo mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Asubuhi maji yalikuwa hasi kumi na tano. Kawaida tu. Baba Kulwa akateremka, akaingia kwenye tawi linalochepuka pale hasi kumi. Ukiwa humo ndani maji huyaoni.

Mchana Shija akamulika shimoni kwa kioo cha kuakisi jua, akasema yako hasi kumi na mbili.

Nikashangilia. Kumi na tano imekuwa kumi na mbili, si yamepungua? Shija naye akaacha winchi, akanawa ale.

Luhende akatukuta tunafurahi. Akaniuliza sifuri iko wapi. Nikamwonyesha mdomo wa duara.

"Sasa Mama Kulwa, kumi na mbili na kumi na tano, ipi iko karibu na hapo?"

Mwiko ukanidondoka.

Hasi kumi na mbili ndiyo kubwa, ndiyo iko juu. Maji yalikuwa yanampandia mume wangu.

Shija kababaika, anauliza ateremshe kamba hasi kumi?

Luhende akamjibu, "Kamba haijui hasi, ng'wanawane, mwanangu. Toa mita kumi."

Tukaita, tukavuta. Akatoka ana matope hadi magotini, anauliza kelele za nini. Nilikaa chini nikacheka mpaka machozi.

Luhende akamulika tena. Hasi tisa. Mlango wa tawi umeshazama.

Nilichojifunza: kwenye hasi, tarakimu ikipungua ujue unapanda. Ukitaka umbali tu kutoka sifuri, hiyo hasi iweke pembeni.

Mliokuwepo machimbo yale, nirekebisheni. Huenda Shija alisoma kumi na tatu. Majina nayashika yote, namba ndizo bado zinanichenga.