Michembe ya Kiwanja cha Ndege

Theopista wa Runzewe hali michembe tena, yeye aliyekuzwa kwa viazi hivyo vitamu vya kukata na kuanika. Akisikia ndege inapita, mikono yake huanza yenyewe kuzoa vitu visivyokuwepo.

Mwaka ule mbuzi walikuwa wamemlia michembe mara mbili juu ya majabali. Kwa hasira akaenda kuanika mingine kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha wachimba dhahabu, kilichonyooka na kupata moto kama kikaango. Ndege ilizoea kuja Jumanne tu. Ile ilikuja Jumatatu. Ilishuka mpaka karibu na ardhi, rubani akauona weupe umetandazwa mbele yake, akainua pua ya ndege ghafla. Ikayumba, ikaangukia shamba la mihogo. Alikuwa peke yake humo, na hakupona. Watu wote walikimbilia moshi. Theopista alikimbilia michembe yake, akaizoa yote.

Wachunguzi wa ajali walipofika kuwahoji majirani, Telesphori, mume wa Theopista, asiyejua lolote, alimfokea mkewe: "Mama Innocent, wageni waondoke kwangu na njaa?" Ndani hapakuwa na chakula kingine ila michembe ile. Theopista akaichemsha, akaitia karanga.

Wakala, wakasifu. Mkubwa wao akasema hawaelewi kwa nini rubani mzoefu alighairi kutua, ilhali kiwanja kilikuwa kitupu. Akachukua kipande kingine.

"Mama, hii mliianika wapi ikakauka vizuri namna hii?"

"Juani, baba," akajibu Theopista, akamwongezea.