Ndimu Asubuhi, Majivu Jioni

Nakumbuka msimu mmoja wa mvua kule Bagira, mwanangu, mvua iliyonyesha mpaka tukakaribia kuwasalimia samaki barabarani. Nililala nikiwa na bustani kwenye mteremko, nikaamka nikiwa na mwamba. Udongo wangu wote ulikuwa umeshuka kwa jirani wa chini bila hata kuaga.

Nilikuwa kijana, ndoa yangu bado inanukia upya. Shemeji yangu Bahati, kaka wa mke wangu Nsimire, alikuwa amekuja kupumzika kutoka Shabunda, alikokuwa akichimba dhahabu. Akasimama juu ya ule mwamba, akacheka.

"Beau-frère, udongo imekukimbia. Njo twende wote Shabunda. Kule batu banachimba, habapande."

Nsimire hakucheka. Shimo la dhahabu lilikuwa limemmeza baba yake mdogo, na hawakupata hata mwili wa kuzika. Basi tukapatana na Bahati: mboga zangu zikisimama tena kabla hajarudi machimboni, mimi nabaki. Zikikataa, nafunga mzigo.

Wakati huo nilikuwa nasoma shule ya jioni. Mwalimu wetu wa kemia alitufundisha kwamba mmea hauli udongo. Hunywa kile kilichoyeyuka ndani ya maji. Nikapasua pipa la plastiki, nikalilaza, nikalijaza maji ya mvua (mvua ileile iliyoniibia!), nikayeyusha mbolea humo. Juu nikaweka ubao wenye matundu, na katika kila tundu mche wa saladi, mizizi ikining'inia ndani ya maji. Bagira yote ilikuja kutazama. Nadhani hata Goma walisikia. Wakanipa jina: Docteur wa Saladi.

Mwalimu alinigawia pia karatasi za kupimia pH, yaani uchachu wa maji. Unachovya, karatasi inageuka rangi. Ikielekea wekundu, maji yamechacha kama ndimu. Ikielekea bluu, yamekuwa kama yale maji ya majivu ambayo mama zetu huyachuja ili kulainisha maharage. Saladi inataka katikati, ikiegemea uchachu kidogo: tano na nusu mpaka sita na nusu. Yakipanda juu ya hapo, chakula kimo ndani ya maji lakini mmea hauwezi kukila. Ni kama kumketisha mgeni mezani, kisha kumfunga mdomo.

Nikamfundisha Nsimire kusoma rangi. Kuanzia hapo nyumba yetu ikawa na madaktari wawili na mgonjwa mmoja.

Kila asubuhi nilikuta karatasi ya bluu. Nilikamua ndimu, nikakoroga, nikaenda zangu kazini na kisha shuleni. Kesho yake, bluu! Nikaongeza ndimu. Majani machanga yakawa njano, mishipa tu ikabaki kijani. Nikaongeza mbolea, yakazidi kuwa njano. Bahati akipita ananitania.

"Docteur, mugonjwa anakata roho. Mie nimeshakutafutia koleo."

Na kweli alileta koleo la kuchimbia dhahabu, akaliegemeza ukutani kwangu. Kila nikitoka nje, linanitazama.

Ndipo akaja Tantine, shangazi yake Nsimire, kutoka Luhwindja. Hakujua pH wala baba yake pH. Alikaa tu kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, akiambua maharage, macho yake yakizunguka uani. Asubuhi aliniona na ndimu zangu. Jioni, nilipopita nyumbani kuchukua madaftari, akanishika mkono akanipeleka penye pipa. Nsimire alikuwa pale na kikombe.

"Nsimire, mu ile kikombe muko nini?"

"Maji ya majivu, Tantine. Kila mangaribi karatasi inakuwa nyekundu. Njo maana naitengeneza."

"Na weye, mukwe? Zile ndimu za asubuhi?"

"Kila asubuhi iko bluu, Tantine. Na mie naitengeneza."

Tantine alicheka mpaka maharage yakamwagika uani na kuku wakafanya sikukuu. Kisha akatutazama mmoja mmoja.

"Nani aliambia mwenzake?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake. Mimi niliona haya kukiri kwamba elimu yangu ya jioni inashindwa na saladi. Nsimire aliogopa akisema maji yamechacha, nitakata tamaa na kulichukua lile koleo. Kila mmoja alimficha mwenzake kwa kumpenda, na wapiganapo tembo, unajua ziumiazo.

"Maji haina kosa," Tantine akasema. "Muko mu nyumba moja, lakini munaambiana mambo kupitia pipa. Leo iko saladi. Kesho iko mutoto: baba anatia ndimu, mama anatia majivu, na mutoto anakauka katikati yenu."

Siku ile shule ilinikosa. Tulimwaga maji yote, tukaanza upya. Mbolea kwanza, koroga, acha itulie, ndipo upime. Karatasi ilipoelekea wekundu, maji ya majivu tukayachuja kwa kitambaa, tukayatia tone kwa tone, mmoja akimimina, mwingine akisoma rangi kwa sauti kama padri. Bandu bandu huisha gogo. Majani mapya yalichipuka kijani, makubwa. Nakuapia, jani moja lingeweza kufunika kichwa cha askofu na kofia yake.

Bahati alipokuja kuaga, alikula saladi akiwa amesimama, akaomba na ya njiani. Akaondoka peke yake.

"Na koleo yako?" nikamwita.

"Bakia nayo, Docteur. Beba udongo yako toka kwa jirani."

Kwa koleo lile tulipandisha udongo, tukakata matuta ya ngazi, na ndilo lile unaloliona nyuma ya nyumba.

Sasa, mwanangu, wewe unacho kile kimashine kinachoonyesha pH kwa tarakimu, nami nakionea wivu. Lakini shika haya. Maji ni kijana: ukimtia neno anageuka palepale, kwa hiyo mtie kidogo, ukoroge, usubiri, upime tena. Ndimu nayo haikai. Baada ya siku chache nguvu yake inaisha, basi usilale ukiiamini. Udongo ni mzee: nyunyiza majivu kiasi, changanya, umwache ajibu kwa msimu wake, wala usimrudie kesho kumuuliza kama amebadilika. Na kabla hujamimina chochote, ndani ya pipa au ndani ya moyo wa mtu, uliza kwanza nani alimimina kabla yako.

Mungu akupe mkono mwepesi na mizizi mizito. Mvua ikuachie udongo wako. Na usikose kamwe, mwanangu, mtu wa kusimama kando yako akusomee rangi wewe ukimimina.