Mahali Susu Kalekye Alipoiweka Taa

Nakumbuka mlio kabla ya kuikumbuka siku yenyewe. Wiiii, mwembamba kama wa mbu sikioni, ukipanda mpaka usisikike tena. Nilikuwa nje, napangusa vumbi la soko la Mukuyuni kwenye kioo cha studio, wala sikujua ni nini kinacholia. Nilipofunua pazia nikamwona Mzee Nzioka, mpiga picha aliyenifunza kazi, ameshika flashi ndogo ya betri isiyozidi gunzi la hindi. Ndiyo iliyokuwa ikilia, inajijaza nguvu. Akaifyatua ukutani, nami kwa dakika nzima sikuona kitu ila doa la kijani. Siku hiyo, mjukuu wangu Mwende, ndipo nilipoupenda mwanga. Kumpenda mtu anayeketi mbele ya mwanga kulinichukua muda zaidi.

Naona umezipanga flashi zako tatu mezani, tayari kwa safari ya Kanyangi kuwapiga picha wale wazee. Zinaongea na kamera bila waya, na wala hazilii. Keti kidogo kabla yule wa bodaboda hajafika. Nina jambo ambalo sijamwambia hata baba yako.

Baada ya mwaka hivi, Mzee Nzioka alianza kuniachia studio. Asubuhi moja ya siku ya soko akaingia Susu Kalekye. Hakuwa bibi yangu wa kuzaliwa. Unajua sisi Wakamba humwita susu kila mwanamke wa rika la nyanya zetu. Alikuwa ameteremka kwa miguu kutoka milima ya Mbooni, kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa kichwani, viatu mkononi ili visichakae njiani. Mwanawe wa pekee alikuwa kazini Mombasa, na ameandika barua akiomba picha ya mama. Susu hakuwa amewahi kupigwa picha maisha yake yote.

"Nikae wapi, kamwana?" akaniuliza, akiniita kijana kwa Kikamba, kiganja kimefunika mdomo.

Nikamwambia ashushe mkono. Akaushusha, akafumba midomo kama mtu aliyebeba maji kinywani. Mimi nilikuwa na haraka, watu wamepanga foleni nje, na flashi iko juu ya kamera inalia. Nikamtania: "Susu, ukinuna hivyo mwanao atadhani umemtumia picha ya chifu!"

Akacheka. Alicheka kwa sauti, kichwa kikaenda nyuma, nami nikafyatua.

Picha iliposafishwa ndipo nikaona. Meno yake ya mbele yalikuwa yamechongwa ncha, kama walivyochongwa wasichana wa zamani huku kwetu ili wapendeze. Alipookoka alifundishwa kwamba urembo ule ni wa gizani, na tangu hapo alikuwa akichekea nyuma ya kiganja. Hayo niliambiwa baadaye. Wakati ule sikuuliza. Flashi ya usoni haina adabu, mwanangu. Iliingia mpaka kwenye magego. Na mimi sikuona aibu ya mtu, niliona picha kali. Nikaikuza, nikaitundika kwenye kioo cha mbele.

Soko likaja kutazama.

"Aka! Huyu si yule mama wa kwaya?" akasema muuza ndizi mmoja.

"Kumbe tunaimbiwa na simba!" mwingine akadakia.

Nami, Mungu anisamehe, nikacheka nao. Katikati ya kicheko hicho nikamwona Susu Kalekye, kiondo mgongoni, amekuja kuchukua picha yake. Alisimama mbele ya kioo. Hakuingia. Akageuka, akaushika mlima.

Jumapili ile hakuonekana kanisani. Wala ya pili. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo; wakaanza bila yeye, wakaanza chini mno, wanaume wakakwama katikati ya ubeti. Niliketi benchi la nyuma nikijua ni nani aliyeinyamazisha sauti ile.

Mzee Nzioka alikuwa Kitui, kwenye matanga ya mkwewe. Aliporudi akakiona kioo. Hakunipigia kelele. Aliitoa picha, akaitia kwenye bahasha pamoja na negativu yake, kisha akanikalisha kwenye kile kiti wanachokalia wateja.

"Siri ya mtungi aijuaye ni kata," akasema. "Wewe ni kata, Musembi. Watu wanajileta hapa tuwachote. Kata inayopayuka, nani atainywea tena?"

Kisha akaichomoa flashi juu ya kamera yangu. "Taa ikikaa kwenye paji la kamera humwona kila mtu kama mwizi aliyemulikwa tochi. Ishushe. Ikae kando, kama mgeni anayepiga hodi. Nenda Mbooni, na usirudi na picha asiyoitaka mwenyewe."

Nikapanda, waya wa flashi umejiviringa shingoni mwangu. Nilimkuta Susu amekaa sebuleni anachambua maharagwe.

"Umeniletea soko mpaka hapa?" akauliza.

Nikapiga magoti, nikampa bahasha kwa mikono miwili, nikasema nimekosa. Akaitazama picha ile muda mrefu, kisha akaiingiza kifuani. Nikainuka niende zangu.

"Hiyo kamba ni ya nini?"

"Ni waya, Susu. Wa kuitenga taa na kamera."

"Kwa hivyo inaweza kukaa popote?"

"Popote unapotaka."

"Basi leo nitaiweka mimi."

Akaipokea, akazunguka nayo chumbani kama anayetafutia yai mahali pa kutagia. Mwishowe akaifunga kwenye mpini wa jembe lililoegemea dirisha la mashariki. Nikaijaribu mara moja, ikamchoma macho. Akavua kitambaa chake cheupe, akakitundika mbele ya flashi.

"Jua huniamsha kutoka hapo kila siku," akasema. "Linanijua."

Akaketi. Kisha akauinua mkono, akafunika mdomo. "Na huu haushuki."

"Usishuke, Susu."

Mwanga ukapita kwenye kitambaa, ukamfikia polepole. Najua mwanga hauna polepole, lakini ndivyo nilivyouona. Ukatua juu ya mkono ule: vifundo, nyufa zilizoshika udongo wa matuta ya Mbooni. Na juu ya mkono, macho yakicheka. Hiyo ndiyo picha iliyokwenda Mombasa, na miaka mingi baadaye ndiyo iliyochapishwa siku tulipomzika. Ile nyingine sijui aliipeleka wapi. Hakuniambia, nami sikuwa na haki ya kuuliza. Ninachojua ni kwamba Jumapili iliyofuata wimbo ulianzia juu kabisa.

Basi, mwanangu, sikia. Kuitoa taa juu ya kamera umeshafunzwa, tena umenipita mbali. Lakini utakapofika Kanyangi, usianze kwa kufungua begi. Kunywa chai ya wale wazee. Waulize mwanga huwajia wapi asubuhi, na ni upande gani wa uso wanaopenda ukumbukwe. Wape taa waishike, waione haing'ati. Punguza nguvu yake, ipitishe kwenye kitambaa. Mtu akificha kitu, mwachie akifiche. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na picha ambayo mwenyewe hakuitaka, hata iwe nzuri namna gani, si yako ya kuwaonyesha watu kwenye simu.

Pikipiki hiyo, naisikia. Nipe viganja vyako nikutemee mate ya baraka, kama Susu Kalekye alivyonitemea mimi siku ile nikitoka kwake. Macho yako yaone mbali. Mikono yako iwe miepesi kwa watu. Kila utakayemmulika ajione amependwa, na uzeeni kwako akutokee wa kukumulika kwa upole.

Nenda. Vuta mlango nyuma yako, kuku wa mama yako wasiingie.

Naam. Umefungika.