Mahali pa Miguu ya Lucienne

Baba yangu, Rosaire Levasseur, bado hajazikwa. Hapa Auburn, kaskazini mwa Boston, anayefariki katikati ya baridi hungoja ardhi iliyoganda ilainike, na sasa Baba yumo katika chumba cha mawe pale makaburini, pamoja na wenzake wa majira haya. Padre amesema huenda ikawa baada ya Pasaka. Namwombea kila asubuhi, na kila nikimwombea namwona ameshika mtaimbo.

Kazi yake ilikuwa kuokoa vitu vya majengo yanayobomolewa. Mji wetu uliishi kwa viatu. Viwanda vilipofungwa kimoja baada ya kingine, na nyumba za wafanyakazi zikaanza kuvunjwa, Baba alijitahidi kuzitangulia mashine. Alitoa milango, vitasa vya shaba, matusi ya ngazi na vioo vya rangi, akavipanga ghalani kwake kando ya mto. Watu wa Boston walikuja kununua. Mtu akiuliza mlango fulani umetoka wapi, Baba alimsimulia ukoo mzima uliopita hapo, nani aliolewa na nani, nani alitoka akiwa ndani ya jeneza. Mnunuzi akitazama saa yake, Baba alikumbuka ghafla kwamba mlango ule ulikwisha kuuzwa. Vitu vya altare hakuuza kabisa. "Hivyo vina Mwenyewe," alisema.

Mama yangu, Lucienne, alifanya kazi katika kiwanda cha Merrow tangu usichana wake hadi kilipofungwa. Alisimama kwenye meza ya kumalizia, akipiga brashi visigino vya viatu. Uzeeni akili yake ilianza kurudi kinyumenyume mpaka ikafika kiwandani, ikakaa huko. Alfajiri alijifunga kitambaa kichwani akatoka kwenda kazini. Tulimkuta darajani. Mara moja tulimkuta kwenye theluji, amevaa ndala za nyumbani.

Kaka yangu Gérard akasema sasa basi, apelekwe kwenye nyumba ya wazee.

"Akiganda barabarani, Baba, utamwambia nini Mungu?"

"Nitamwambia alikuwa anawahi kazini. Wewe hujawahi kuwahi popote, hata ubatizo wako ulichelewa."

Gérard alicheka, lakini hakulegeza. "Akitoka tena mara moja tu, nampeleka mwenyewe."

Baba na Mama hawakuwahi kulala mbalimbali tangu waoane, ila Mama alipojifungua.

Wiki hiyo hiyo walianza kubomoa kiwanda cha Merrow. Baba alikuwa amepewa ruhusa ya kuchukua madirisha, lakini aliporudi hakuzungumzia madirisha. Alizungumzia sakafu. Katika viwanda vile kila mtu alikuwa na mahali pake, na mbao, ingawa ngumu, zililika chini ya miguu mwaka hadi mwaka, mpaka kila mahali pakabaki vibonde viwili kama visahani. Mtu akipangwa kwenye vibonde vya mwenzake, jioni alirudi nyumbani anachechemea.

"Mama yako haendi kazini, Jeannine," aliniambia. "Anatafuta pa kusimama."

Tulikwenda wote wawili. Ghorofa ya tatu ilikuwa tupu, inanuka ngozi na gundi, na vijisumari vya viatu vimezama sakafuni vinang'aa. Vibonde vilipangana mbele ya madirisha, jozi baada ya jozi. Baba hakubabaika. Mama alikuwa akitusimulia siku zote jinsi walivyoitazama saa ya mnara wa kanisa wakiwa kazini. Baba akapita kutoka jozi hadi jozi, akisimama na kuchungulia, mpaka akafika mahali ambapo saa ilionekana vizuri kati ya mabomba mawili ya moshi.

"Hapa," akasema, akachomeka mtaimbo.

Tulizipachika mbao zile jikoni, mbele ya meza. Mama akaja, akavua ndala, akapanda. Akatulia kidogo. Kisha akashuka kama mtu aliyekanyaga maji.

"Hii si miguu yangu. Hii ya Blanche Pomerleau."

"Lucienne, mpenzi, umejuaje?"

"Tazama vidole vilivyoelekea nje. Blanche alitembea kama bata."

"Lakini saa ya kanisa inaonekana pale pale."

"Blanche ndiye aliyeiona, mrefu vile, na dirisha lake. Mimi mbele yangu palikuwa na bomba. Alikuwa ananiambia tu." Akamtazama Baba kwa huruma. "Miaka yote hii, Rosaire, hukunisikiliza."

Alfajiri iliyofuata tulimkuta ameshashika kitasa cha mlango wa nje.

Ilikuwa Jumamosi, na Jumatatu mashine ingeingia ghorofa ile. Tuliacha maharage jikoni tukarudi. Msimamizi wa wabomoaji, Dwyer, alimwona Baba akipanda ngazi.

"Mzee Levasseur, juzi si umechukua sakafu ya mkeo?"

"Nilikosea. Ile ilikuwa ya mwanamke mwingine."

"Na mkeo anajua?"

"Yeye ndiye aliyenikamata."

Dwyer alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, kisha akatuletea taa. Kando ya pengo la Blanche, upande wa bomba, palikuwa na vibonde viwili vidogo, cha kushoto kimezama zaidi. Mama alichechemea mguu huo tangu utotoni. Baba alipiga magoti, akazitoa mbao zile kwa mikono, akitumia mtaimbo pale tu iliposhindikana.

Tulipozipachika jikoni na Mama akapanda, mabega yake yalishuka. Mikono ikaanza kwenda, brashi isiyokuwepo, kisigino kisichokuwepo. Hakutoka nyumbani tena. Gérard alikuja, akakaa jikoni akimtazama kwa muda mrefu, kisha akaomba maharage.

Mbao za Blanche, Baba hakuzitupa. Alizipachika papo hapo, ubavuni mwa zile za Mama. "Walisimama pamoja maisha yao yote," alisema. "Mimi ni nani niwatenganishe?"

Baba amefariki Februari hii, usingizini, ubavuni mwa Mama. Nilimwambia Mama mara nyingi. Kila mara alinipapasa shavu, akauliza Rosaire atarudi lini kutoka ghalani. Niliogopa kwamba uchungu ungemtoa tena mlangoni, na Baba hayupo wa kumpatia pa kusimama.

Jumatano ya Majivu nilimkuta amekwisha simama mahali pake. Sikujua la kufanya, nikavua viatu nikasimama kwenye vibonde vya Blanche.

"Saa ngapi, Blanche?" akauliza, bila kugeuka.

Dirisha letu linatazama gereji ya jirani. Nilimtajia saa.

"Mapema bado." Mikono yake ikaendelea. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama walivyozungumza zamani chini ya kelele za mashine, "Rosaire wangu amekufa. Jeannine ameniambia, ila mtoto yule huanza kulia kabla hajamaliza kusema."

Niliendelea kusimama mahali pa Blanche.

"Tumwombee," akasema. Katika Kwaresima wanawake wa meza ile walisali rozari wakiwa kazini, mmoja akianza, wengine wakiitikia. Mama akaanza Salamu Maria. Nikaitikia, vidole vya miguu vimeelekea nje.